Sura ya Tano: Visahani vya Moto vya Élisabethville

Tarehe 29 Machi 1952 gazeti la Die Presse la Vienna, Austria, lilichapisha habari kutoka Kongo ya Wabelgiji. Hivi karibuni, liliwaambia wasomaji wake, visahani viwili vya moto vimeonekana juu ya migodi ya urani kusini mwa koloni, katika wilaya ya Élisabethville, mji tunaouita Lubumbashi tangu 1966. Vilizunguka angani kwa madaha, na kila vilipogeuka vilionekana kwa umbo jingine: mara sahani, mara yai, mara mstari mtupu. Ghafla vikasimama mahali pamoja, kisha vikaondoka kwa kwenda upogo kuelekea kaskazini-mashariki. Watu waliokuwa chini walisikia mlio mkali wa kuvuma. Yote hayo yalichukua dakika 10 hadi 12.

Mkuu wa uwanja mdogo wa ndege wa Élisabethville, ambaye gazeti linamwita Komanda Pierre na basi, alipanda ndege ya kivita akavifuata. Alikikaribia kimoja hadi mita 120 hivi. Alikadiria kwamba kipenyo chake ni mita 12 hadi 15. Kiini kilikuwa kimetulia tuli, chenye kinundu katikati na vitundu vidogo. Ukingo wa nje ulifunikwa na moto na bila shaka ulikuwa ukizunguka kwa kasi kubwa mno. Chuma chake kilikuwa cha rangi ya alumini. Visahani vilipanda na kushuka mita 800 hadi 1,000 kwa sekunde chache, na mara nyingi viliteremka hadi mita 20 kutoka vilele vya miti. Baada ya dakika 15 Pierre alikata tamaa: vilinyoosha njia kuelekea Ziwa Tanganyika kwa kasi aliyoikadiria kuwa kilomita 1,500 kwa saa, vikipiga mluzi alioweza kuusikia juu ya ngurumo ya injini yake mwenyewe. Kuhusu abiria, Pierre hakuamini kwamba ndani ya chombo kile angeweza kukaa mtu, kwa sababu ya joto na mwendo usiotabirika. Gazeti likamalizia kwa kumsifu: ofisa wa kutegemewa, rubani mwenye bidii.

Habari hiyo ingekufa na gazeti lake kama isingepita mezani kwa watu wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, waliokuwa na kazi ya kusoma magazeti ya kigeni na kuyafasiri. Waliifasiri, na Agosti 1952 ikasambazwa ndani ya serikali yao. Januari 2016 shirika hilo hilo, kwa mzaha uliohusu mfululizo wa televisheni wa X-Files, liliiweka katika orodha ya hati zake tano ambazo mtu anayeamini visahani angezipenda. Tangu hapo habari ya Komanda Pierre haina usingizi. Utaikuta kwenye simu za vijana wa mitaa ya Kenya na Katuba, hapa Lubumbashi, imetiwa muziki wa kutisha, na msemaji anasema CIA imethibitisha kwamba wageni wa anga walikuja huku kwetu Katanga kutafuta urani.

CIA haikuthibitisha kitu. Hati yenyewe inatamka wazi kwamba taarifa iliyomo haijatathminiwa. Ni tafsiri ya gazeti, na muhuri wa shirika kubwa haubadilishi udaku kuwa ushahidi.

Nataka kuipima habari hii kwa vipimo ambavyo watu wa dini wanavyo tangu zamani, kwa sababu nimechoka kusikia kwamba kuuliza maswali ni tabia ya wasioamini. Torati inadai mashahidi wawili au watatu kabla jambo halijasimama. Kanisa Katoliki halimtangazi mtu kuwa mtakatifu kwa muujiza uliosimuliwa sokoni. Linawaita madaktari, na kwa karne kadhaa lilikuwa na ofisa ambaye kazi yake ilikuwa kupinga. Wanazuoni wa hadithi katika Uislamu walikwenda mbali kuliko wote. Kwao masimulizi yana sehemu mbili: isnadi, yaani mlolongo wa waliopokezana, na matini, yaani maneno yenyewe. Kila mtu katika mlolongo huulizwa: alikuwa nani, aliishi lini, je, alikutana kweli na huyo anayedai kumsikia? Mnyororo ukikatika pete moja, hadithi hushuka daraja, hata kama maneno yake ni matamu namna gani.

Tuanze na isnadi. Pierre aliona, na kwa maneno ya gazeti, Pierre akawapa wakubwa wake ripoti. Hapo mnyororo unakatika. Ripoti hiyo ilifikaje Vienna? Gazeti halisemi nani aliisoma, nani aliitoa, wala kama mwandishi alizungumza na Pierre au na mtu aliyemjua Pierre. Jina la kwanza halipo, au la ukoo halipo. Hatujui hata lipi kati ya hayo mawili ni Pierre. Watu waliotazama kutoka chini hawana jina hata mmoja. Tukio halina tarehe: "hivi karibuni" ndiyo kalenda pekee, na zile video zinazotaja 29 Machi kuwa siku ya visahani zimechukua tarehe ya gazeti tu. Tukumbuke pia kwamba Vienna ya 1952 ilikuwa imegawanywa kati ya majeshi ya nchi nne, mji wa wapelelezi na wa habari za kununuliwa. Hilo halithibitishi uongo. Linatukataza tu kumwamini mpokezi tusiyemjua.

Matini ndiyo inayonifurahisha zaidi, maana hapa mtu wa jimbo letu la Haut-Katanga anajua kuliko mfasiri wa Washington. Habari inasema migodi hiyo ya urani iko mashariki ya mto Luapula, ule unaounganisha maziwa Mweru na Bangweulu. Msomee mvuvi wa Kasenga, ukingoni mwa mto huo, sentensi hiyo. Mashariki ya Luapula ni Zambia. Mwaka 1952 ilikuwa Rhodesia ya Kaskazini, eneo lindwa la Waingereza. Hakuna wilaya ya Élisabethville huko, wala urani ya Union Minière, kampuni ya madini ya Katanga, haikuwahi kuchimbwa huko. Mgodi wa urani wa Katanga ni Shinkolobwe, karibu na Likasi, kaskazini-magharibi ya Lubumbashi. Mto uko upande mmoja wa mji, mgodi uko upande mwingine. Aliyeandika habari hii alikuwa na ramani mbaya, au alikuwa na maneno mawili tu, Kongo na urani, akayatafutia mto.

Na maneno hayo mawili yalikuwa na soko. Madini ya Shinkolobwe yaligunduliwa na Mwingereza Robert Rich Sharp mwaka 1915. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe yake kwenye ghala la Staten Island, New York, na Wamarekani walipoanza kutengeneza bomu lao wakakuta mzigo uko mlangoni, wenye urani nyingi kuliko mawe ya mgodi wowote mwingine duniani. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka huko. Baada ya vita Shinkolobwe ulikuwa mgodi wa siri, wenye ulinzi mkali, usiotakiwa kuonekana kwenye ramani. Kwa hiyo msomaji wa Ulaya mwaka 1952 alijua kwamba huko Kongo kuna kitu cha kutisha ardhini, lakini hakuweza kukichungulia. Mahali pa namna hiyo panaita visahani vyenyewe. Miaka mitano kabla, Juni 1947, rubani Kenneth Arnold alikuwa amesimulia vitu tisa karibu na mlima Rainier, Marekani, na magazeti ndiyo yaliyovipa jina la visahani vinavyoruka. Tangu hapo jina lilitangulia, vitu vikafuata.

Twende kwenye hesabu. Kutoka Lubumbashi hadi ukingo wa Luapula ni kama kilomita mia moja. Kama visahani vilicheza juu ya mto kwa dakika 10 hadi 12, rubani aliyeitwa, akawasha injini, akapaa, angefika wakati mchezo umekwisha. Kama vilikuwa juu ya mji, basi havikuwa juu ya mgodi, na maelfu ya wafanyakazi wa Union Minière wangevisikia. Kitu kinachokwenda kilomita 1,500 kwa saa karibu na ardhi kimeipita kasi ya sauti, ambayo ni kama kilomita 1,225, na kikiwa na upana wa mita 12 kingeacha mshindo wa kutikisa madirisha. Pierre anasikia mluzi. Anausikia akiwa ndani ya ndege inayonguruma. Rubani yeyote atakuambia jinsi ilivyo kusikia mluzi wa nje ukiwa nyuma ya injini ya kivita.

Kwa daraja za wanazuoni ningeiita habari hii dhaifu. Siiiti ya kubuni, kwa kuwa kumwita mtu mzushi nako kunahitaji ushahidi, na pengine kweli palikuwa na rubani, na pengine kweli aliona kimondo au mwanga fulani akaufukuza. Lakini huwezi kujenga juu yake hata kibanda, seuze imani mpya.

Katika miaka ya 1940 mji huu huu ulikuwa na mashahidi wengi sana wa jambo jingine. Watu wa mtaa wa Kamalondo na wa kambi za wafanyakazi walisema usiku wanapita batumbula: watu wanaotumwa na Wazungu kukamata Waafrika, kuwafungia mashimoni, kuwanonesha na kuwafanya nyama. Majina yalitajwa, nyumba zilionyeshwa, ndugu waliopotea walihesabiwa. Wazungu wa Élisabethville walicheka na kuandika kwamba ni ushirikina wa wenyeji. Baadaye watafiti kama Rik Ceyssens na Luise White waliyachukua masimulizi hayo kwa uzito, wakaonyesha kwamba yalikuwa namna ya kuusema ukweli wa mji ambamo kampuni iliwala watu kwa njia nyingine. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma walipigwa risasi na askari katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, na makumi wakafa. Baada ya hapo, ni nani angehitaji ushahidi zaidi kwamba usiku si salama?

Sisemi batumbula walikuwako kwa namna walivyosimuliwa. Nauliza tu kwa nini mamia ya Waafrika wenye majina na anwani wakawa ushirikina, na Mzungu mmoja mwenye jina nusu, aliyesimuliwa na gazeti la mbali, akapata faili kwenye shirika la ujasusi. Kipimo kiwe kimoja. Kama maneno matupu hayatoshi kwa batumbula, hayatoshi kwa Pierre. Na kama tunaweza kumsikiliza mama wa Kamalondo bila kuamini kila neno lake, tukajua alichokuwa akikiogopa, basi tumsikilize hivyo na mpenzi wa visahani: mwaka 1952 dunia iliogopa bomu, na macho yake yakaenda pale bomu lilikotoka.

Ushahidi mzuri unafananaje? Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa karibu kilo 500 iliangukia kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya. Watu waliiona, wakaigusa, wakapigia serikali. Shirika la Anga la Kenya likaja, likaichukua, na likaeleza kwamba ni sehemu ya roketi iliyopaswa kuungua angani au kuanguka baharini. Uzito, kipenyo, kijiji, tarehe. Linganisha na shule ya Ariel, Ruwa, nchini Zimbabwe, ambako Septemba 16, 1994 watoto 62 walisema wameona chombo na viumbe karibu na uwanja wao wa michezo. Siwadharau watoto wale. Wengi wao wakiwa watu wazima bado wanashikilia walichosema. Lakini siku mbili kabla, mabaki ya roketi ya Kirusi yalikuwa yamewaka angani juu ya kusini mwa Afrika na nchi nzima ilikuwa ikizungumzia vitu vya mbinguni, na baadhi ya waliowahoji watoto walikuwa tayari watafiti wa visahani. Wamarekani nao, wenye rada na fedha, walikusanya taarifa 12,618 katika mradi wao wa Blue Book uliofungwa 1969. 701 zilibaki bila maelezo. Bila maelezo maana yake ni bila maelezo. Julai 2023 ofisa wa zamani wa ujasusi, David Grusch, aliliambia Bunge la Marekani kwamba serikali inaficha vyombo vya wageni. Alisema ameyasikia kwa wengine. Machi 2024 ofisi ya wizara ya ulinzi inayochunguza mambo hayo ilisema haikupata uthibitisho wowote. Isnadi tena.

Sasa dini. Wahubiri wetu wengi wana jibu moja tayari: visahani ni mapepo. Wengine, hasa waliosoma vitabu vya Erich von Däniken, Mswisi aliyeanza kuuza nadharia zake 1968, wana jibu la upande wa pili: magurudumu ya Ezekieli yalikuwa chombo cha anga, na malaika walikuwa marubani. Mfaransa Claude Vorilhon, anayejiita Raël, aliigeuza nadharia hiyo kuwa dini kamili baada ya kudai alikutana na mgeni mwezi Desemba 1973. Majibu haya yanapingana, lakini yote yanaruka hatua ileile: yanaeleza kitu kabla ya kuthibitisha kwamba kipo.

Wanatheolojia wa zamani walikuwa na subira zaidi. Mwaka 1277 askofu wa Paris, Étienne Tempier, alikataza kufundisha kwamba Mungu hawezi kuumba zaidi ya dunia moja. Thomas wa Akwino, ingawa aliamini dunia ni moja, alikiri kwamba uwezo wa Nafsi ya Kimungu haukumalizika kwa kutwaa mwili mara moja. Kardinali Nikolaus wa Kues aliandika 1440 kwamba huenda nyota nyingine zina wakazi. Kurani, katika sura ya Shura, aya ya 29, inazungumzia viumbe vilivyoenezwa mbinguni na ardhini, na wafasiri wamekuwa wakiijadili bila kutetemeka. Mei 2008 Mjesuiti José Gabriel Funes, aliyekuwa mkuu wa kituo cha falaki cha Vatikani, alisema katika gazeti la Vatikani kwamba viumbe wa sayari nyingine, wakiwapo, ni ndugu zetu. Mei 2014 Papa Fransisko alitania katika mahubiri kuhusu watu wa Mirihi wakija kuomba ubatizo: nani atawafungia mlango? Mtheolojia Ted Peters wa Marekani aliuliza zaidi ya watu 1,300 wa dini mbalimbali kama kugunduliwa kwa wageni kungeivunja imani yao. Waumini wengi sana walijibu hapana, ila walidhani ingewavunja wengine.

Swali gumu lipo, na si vyema kulipuuza: kwa Mkristo anayesema Kristo alikufa mara moja kwa ajili ya wote, "wote" ni akina nani? Lakini ni swali la darasani, linaweza kungoja. Nionavyo, Katanga ilishafanya mtihani mgumu kuliko huo. Mwaka 1945, hapa Élisabethville, kilichapishwa kitabu cha kasisi Mfransisko Placide Tempels kilichodai kwamba Wabantu wana falsafa. Askofu wa Élisabethville, Jean-Félix de Hemptinne, alikipinga kwa nguvu zake zote. Kanisa lililopata taabu kukubali kwamba Mluba wa jirani anafikiri, leo linaulizwa kama litamtambua mwenye akili kutoka nyota nyingine. Kama kuna maandalizi ya kumpokea mgeni wa mbali, yako katika namna tulivyompokea wa karibu.

Madai ya vitu vinavyoruka yana gharama hapa kwetu, na gharama hiyo hailipwi na Komanda Pierre. Katika makanisa kadhaa ya uamsho ya Lubumbashi mtoto huambiwa kwamba usiku anapaa. Ana ndege yake ya kilozi, anakwenda mkutanoni, anarudi kabla ya jogoo, na ndiyo maana baba amefukuzwa kazi na mdogo wake haponi malaria. Shahidi ni ndoto ya jirani, au mtumishi aliyefunuliwa, au mtoto mwenyewe baada ya siku tatu bila chakula. Hakuna aliyeona ndege. Hakuna chuma, hakuna uzito, hakuna kipenyo. Isnadi yake ni dhaifu kuliko ile ya Vienna, lakini kwa habari ya Vienna hakuna aliyefukuzwa nyumbani, na kwa hii watoto wanalala nje. Wasalesiani wa Don Bosco, wanaowapokea watoto wa mitaani mjini hapa, wanawajua.

Kwa hiyo nawaomba wachungaji, mapadri na maimamu wa Lubumbashi jambo dogo. Mnaweza kuhubiri juu ya mbingu kadiri mpendavyo. Anapoletwa kwenu mtoto anayesemwa kuwa ameruka, ulizeni maswali tuliyomuuliza Pierre: nani aliona, lini, alikuwa amesimama wapi, nani mwingine alikuwapo, na huyo aliyewasimulia alisikia kwa nani. Mkipata jibu la ndoto, mrudisheni mtoto kwao na chakula mkononi. Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto kwa ulozi, na sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inalifanya kosa hilo kuwa jinai, kwa mzazi na kwa mchungaji sawasawa.